Kiinitete Kilichopimwa Mara Mbili

Ndugu zangu, mimi ni Mama Gracia, mshonaji wa hapa Likasi. Mume wangu ni fundi umeme kiwandani. Nimekuja kusema yaliyonipata, labda mmoja wenu atapata nguvu.

Tulioana bila kupima damu. Gracia wetu alizaliwa na SS, yaani selimundu. Macho yalikuwa ya manjano, vidole vinavimba, mifupa inamuuma hadi sauti ya kulia inakwisha. Alifariki akiwa na miaka sita. Ndipo tulipopimwa: sisi wote wawili ni AS, yaani tunabeba ugonjwa huo bila kuugua.

Kwa miaka miwili niliogopa mimba. Kisha daktari mmoja wa Lubumbashi, mwanamke, akatueleza: mayai yangu yanaweza kuunganishwa na mbegu ya mume wangu nje ya mwili, na kiinitete kikapimwa kabla ya kuwekwa tumboni. Tukakubali. Nilijidunga sindano tumboni siku kumi na moja. Walipotoa mayai nilitoka damu na tumbo likavimba. Njia nzima ya kurudi nilijikunja garini. Tulipofika Kapolowe, kabla ya kufika nyumbani, dereva akasimama nitapike.

Vikapatikana viinitete vitatu. Kila kimoja wakakinyofoa chembe chache, wakakigandisha, na chembe zikapelekwa ng'ambo kupimwa. Viwili vilikuwa na SS. Cha tatu hakikutoa jibu. Chembe zake ziliharibika.

Daktari akapiga simu. "Mama, iko njia mbili. Tukiweke bila kujua, ao tukiyeyushe, tutoe chembe tena, tukigandishe tena. Ile ya pili inaweza kukiua. Siwadanganyi."

Mume wangu alikuwa amekaa kitandani, viatu vya kazi bado miguuni.

"Weye unasema je?" akaniuliza.

"Miye nataka mutoto, Papa Gracia."

"Na miye nataka. Lakini siwezi kuona mutoto mwingine anateseka vile."

Tukasaini kipimwe tena. Baada ya wiki tatu jibu likaja: hakina SS. Niliimba jikoni mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini.

Siku ya kukiweka, nilikuwa tayari nimelala, miguu juu, kibofu kimejaa maji. Daktari akaingia mikono mitupu. Akanishika goti.

"Pole sana, mama. Tumekiyeyusha. Hakikuamuka."

Kilikuwa kizima, ndugu zangu. Na sisi ndio tulioomba kinyofolewe tena. Neno hilo lilinila miezi mingi. Sikula. Nywele zilikatika, mashine ya kushona ikashika vumbi. Hedhi iliporudi ilikuja na mabonge, nikazirai chooni. Mume wangu akanibeba, akaniosha damu mwenyewe.

"Tulichagua wawili," akasema. "Usibebe peke yako."

Nikalia, naye akalia. Sikuwahi kumwona akilia hivyo. Kesho yake niliomba uji, na wiki ileile nikaenda kutibiwa upungufu wa damu.

Ninamshukuru Mungu, na daktari ambaye hakutudanganya. Vijana, pimeni damu kabla ya mahari. Mkikuta ni AS wawili, ulizeni daktari mapema. Na ninyi wamama, mkimkuta mwenzenu amepoteza hata kile ambacho hakikufika tumboni, msimwambie si kitu. Mpikieni, kaeni naye.

Kama tutajaribu tena, sijui. Jumatatu iliyopita nilimaliza gauni zima. Mteja alipolivaa, nilicheka, mara ya kwanza tangu siku ile.