Rangi Iliyozimwa na Jua

Niliondoka Dar es Salaam kwenda kujaribu rangi. Maabara yetu huichanganya na gundi ya kuzibia mashua za faiba: ukiimulika kwa tochi ya mwanga wa zambarau, gundi mbichi hung'aa kijani, ikikauka, mng'ao hufifia. Nilijiona mtu, na tochi yangu mfukoni.

Siku ya pili nilishuka Kilindoni, nikachukua bodaboda hadi Utende, kisha boti hadi kisiwa cha Juani. Nilimkuta Fundi Athumani peke yake, akiziba ubavu wa mashua ya Bi Mwanahawa, mkulima wa mwani.

"Shikamoo, fundi. Nimeleta rangi ya kupimia gundi."

"Marahaba, mwanangu. Dawa yako itie, ila na mimi nina kipimo changu."

Nilitia rangi kwenye gundi, akabandika kiraka. Kipimo chenyewe ni kifuu cha nazi. Alikipaka gundi ileile, akakiweka ndani ya mashua, kivulini. Gundi ya kifuu ikibonyea kwa ukucha, mashua haishuki. Nilicheka.

Saa saba mchana nilimulika kiraka. Hakikung'aa hata kidogo.

"Imekauka, tushushe."

"Kifuu bado, mwanangu."

"Fundi, hii ni sayansi."

"Haya. Mgeni hakataliwi."

Bi Mwanahawa alifika na magunia yake ya mwani mkavu, akaikuta mashua majini, akapakia, akaondoka na wasaidizi wake. Hakujua lolote la ubishi wetu. Katikati ya Ghuba ya Chole kiraka kilibanduka. Watu waliokolewa, ila mwani wote, jasho la miezi, ulilowa chumvi ukaharibika.

Alasiri, wakati mashua ikivutwa kurudi ufukweni, nilikimulika kile kifuu, ambacho fundi alikuwa amekitoa kabla ya kuishusha. Kilikuwa kijani kitupu! Gundi ilikuwa mbichi. Kwenye kiraka, rangi ilikuwa imeunguzwa na jua tu. Nilitamani ardhi ipasuke.

Bi Mwanahawa aliteremka maji yakimchuruzika. "Athumani! Miaka yote nakuamini, leo umenifanyia nini?"

Fundi hakunitazama. "Kosa langu, dada. Nisamehe."

Nami niliirudisha tochi mfukoni, nikamwacha aombe radhi.

Kesho yake asubuhi fundi alinisindikiza hadi botini, akanibebea na begi. Njia nzima hadi Dar nilikuwa nikijiambia nitapiga simu. Sikupiga.

Nilichojifunza kuhusu rangi nimekwisha kuwaandikia wakubwa zangu: isipimwe juani. Haya mengine nayaandika kwa ajili ya Bi Mwanahawa, na yeyote wa Juani anayeweza kumsomea. Fundi Athumani alikataa kuishusha mashua yako, mama. Aliyemlazimisha ni mimi.