Kamusi wa Saluni ya Kona

Mtaa mzima unamwita Kamusi, na wala hajioni ameonewa. Ni msusi. Saluni yake ni chumba kimoja chenye kioo kilichopasuka na feni inayozunguka ikijisikia. Kazi yake ni vichwa, ugonjwa wake ni lugha. Mteja hajakaa sawasawa kitini, hajataja hata mtindo anaoutaka, keshaulizwa: "Kwenu kitana mnakiitaje? Na mtu akikanyagwa kidole anapigaje kelele?" Wengine hufurahi. Wengine wamekuja kusukwa, si kuhojiwa, nao huhamia saluni ya jirani.

Kwa mtindo huo amejua kuomba radhi kwa lugha nyingi kuliko jozi za viatu alizonazo. Balaa ni kwamba mtaa nao umejua kuwa anajua. Mgeni akipotea, mpelekeni kwa Kamusi. Mpangaji na mwenye nyumba wakitukanana, kila mmoja kwa lugha ya kwao, Kamusi anaitwa aache kichwa nusu akafasiri matusi. Zamani akiitwa hivyo alijisikia fahari. Siku hizi anasikia mgongo ukimuuma tu.

Aliyemchosha kuliko wote ni Bibi wa geti la bluu, mteja wake wa miaka mingi. Lugha ya Bibi haikuwa na msemaji mwingine mtaani. Hata bintiye, Mama Pacha, anayefanya kazi kwenye kiwanda cha mikate, hakuijua, maana Bibi mwenyewe alikataa kumfundisha, eti mtoto asije akachekwa shuleni. Aliisema kwenye kiti cha Kamusi tu, akiwa ameinamisha kichwa, na Kamusi akaidaka palepale: vuta taratibu, inauma, geuka, bado kidogo. Ilikuwa lugha ya kusukana na maneno machache ya nyumbani, basi.

Kisha Bibi akaanza kupoteza kumbukumbu. Lugha ya mtaani ikamtoka yote, akabaki na ile ya utotoni. Tangu hapo, kila Kamusi akifunga saluni, lazima apitie geti la bluu kusema kwamba Bibi anataka maji, au miguu yake imepata baridi.

Jioni moja Mama Pacha alikuja saluni mwenyewe, na unga bado uko kwenye nyusi.

"Dada, kaka anakuja kesho kumchukua mama. Mimi nimeshindwa. Kila nikimwogesha ananisukuma mkono, ananifokea maneno yaleyale. Ananitukana, sivyo? Njoo usikie, uniambie ukweli. Kama mama yangu ananichukia, acha aende."

Miguu ya Kamusi ilikuwa imevimba. Wazo la kwanza lililomjia lilikuwa kwamba Bibi akiondoka, yeye atapumzika. Alilionea aibu wazo hilo, lakini lilikuwa tamu. Akachukua kanga yake, akamfuata.

Bibi alikuwa amekalishwa kwenye kigoda bafuni. Mama Pacha alipomwagia maji tu, Bibi akamsukuma mkono na kupaza sauti. Kamusi hakuhitaji kurudiwa. Maneno hayo aliyasikia mara nyingi, siku zile foleni ya wateja ilipokuwa ndefu na vidole vyake vikianza kutetemeka. Bibi alikuwa akimsukuma yeye pia, na kumfokea hivyohivyo, kisha akimfasiria kwa lugha ya mtaani.

"Hakutukani," alisema. "Anasema, mwanangu, umechoka, pumzisha mikono. Nenda nyumbani, mama yako anakungoja."

Mama Pacha aliweka kopo chini.

"Kwa hiyo hanijui."

"Hakujui. Anakuonea huruma."

Akalia, kilio cha mtu aliyekuwa amesimama tangu alfajiri. Alipoweza kusema akasema, "Mwambie nimeshafika nyumbani. Mwambie mama yangu ni yeye."

Kamusi alitafuta namna ya kusema hivyo katika maneno yake ya mafuta, vitana na nyuzi, hakuipata. Ndipo akakumbuka alivyokuwa akimjibu Bibi zile siku za foleni. Akamwinamia, akamwambia kwa lugha yake: bado kidogo, bibi, inamisha kichwa.

Bibi akatulia. Akainamisha kichwa.

"Umemwambiaje?" Mama Pacha alidakia. "Nifundishe. Na mama anaitwaje?"

Kamusi akamfundisha. Mama Pacha akarudia, ulimi ukijikwaa kila neno: bado kidogo, mama, inamisha kichwa. Bibi akaacha aoshwe shingo, na mgongo, na mikono.

Povu la sabuni lilikuwa bado linamdondoka Mama Pacha mikononi alipompigia kaka yake simu. "Kesho usije," alimwambia. "Nitakueleza."

Kamusi alijua maana yake. Kila jioni, kwa miguu hii hii, mpaka binti awe na kila neno alilonalo yeye. Alichoka kabla hata hajaanza. Akaivuta ndoo tupu, akaifudikiza, akaketi.

"Haya," alisema. "Tuanze na maji."