Bibi wa Kundi la Nyumbani

Kuna watu hupenda watu. Mimi nilipenda jedwali safi. Nilikuwa mkusanyaji wa takwimu kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale, kwenye utafiti wa tiba ya presha. Kura iliwagawa wagonjwa makundi mawili: wengine waje kliniki kila mwezi, wengine tuwafuate nyumbani na kipimo na vidonge. Niliomba Mungu kundi la nyumbani lishinde, maana hapo wazee wenye miguu mibovu wangeendelea kupelekewa dawa.

Mmoja wao alikuwa bibi Mkongomani niliyempenda bila kuficha. Nyonga ilimsumbua lakini ulimi ulikuwa mzima. Alinitania kwamba presha yake hupanda akiniona. Kura ilimweka nyumbani. Nilimtembelea mara moja tu. Mwezi uliofuata, kabla sijatoka, nilimkuta kwenye benchi la kliniki na fimbo yake, anahema, presha iko juu. Ikawa hivyo kila mwezi, na hakuwa peke yake. Nilikasirika sana.

Utafiti ulipokwisha nilipeleka takwimu Mbarara, ofisini kwetu Nyamityobora. Nilimwambia mkuu wangu, mama wa Kinyankore asiye na haraka, kwamba hawa wakaidi tuwafute, au tuwahesabu na watu wa kliniki. Bila wao, kundi la nyumbani lilishinda wazi.

Akaweka kidole kwenye mstari wa bibi. "Ssebo, bwana, kura iliweka huyo mzee wapi?"

"Nyumbani."

"Basi yeye ni wa nyumbani. Kesho serikali ikituma musawo na vidonge vyake kwa manyumba, watu kama yeye watakuwa pale pale kwenye benchi la kliniki. Na hao utawafuta?"

Kisha akagusa safu ya sababu za kuja kliniki, ambayo nilikuwa nimeiacha tupu. "Rudi, uliza."

Nilirudi Nakivale nimenuna. Bibi aliposikia swali langu alicheka mpaka akashika nyonga.

"Mwana wangu, ile siku ya kwanza ulikula kwangu, nilifurahi mingi. Ya pili ningekupatia nini? Mugeni hawezi toka na njaa. Njo maana nilikuwa nakuya ku kliniki mimi mwenyewe."

Aibu ilinishika. Tulimwacha kwenye kundi lake, na kundi hilo halikushinda. Kwenye safu ya sababu niliandika kwamba hakuwa na chakula cha mgeni. Sikuandika kwamba siku ile alinipa maharagwe, nikayasifu, kisha nikaomba kuongezewa.