Maji ya Bahari kwa Bodi ya Jirani

Kompyuta yangu niliiunga mwenyewe kwa vipuri chakavu, na watu wa mtaani Ngamiani walikuja barazani kwangu kuistaajabia. Kisha nyumba ya pili akahamia mwalimu kutoka Lushoto, naye akaunda ya kwake. Ilikuwa na kasi, wala haingurumi kama yangu. Watu wakahamia kwake, baraza langu likabaki na paka.

Siku moja alinijia na bodi ya ile kompyuta, imeganda vumbi na mafuta.

"Shikamoo, kaka. Huku mnasafishaje hizi?"

Spiriti ninayosafishia ilikuwa kabatini, chupa nzima.

"Marahaba. Sisi wa pwani hata kidonda tunakiosha kwa maji ya bahari," nikamwambia. "Ioshe nayo, uianike juani."

Wivu? Ndiyo, wivu, nisitafutiwe jina jingine.

Akapanda baiskeli na ndoo yake hadi ufukweni Raskazone. Bodi ilipokauka akairudisha kwenye kompyuta, ikawaka, akaja kunishukuru. Wiki chache baadaye ikafa, akaniletea niitazame. Chumvi ilikuwa imeitafuna, kutu ya kijani imeota kila mahali. Nikaigeuza taratibu kama daktari.

"Umeme wa Tanga huu, mwalimu. Kukatika-katika kwake ndiko kulikoiua."

Akasema ana bahati kupata jirani fundi. Hakuunda nyingine tena. Kila likizo akitoka kwao huniletea mfuko wa mapeasi. Ni matamu mno, na sijawahi kubakiza hata moja.