Birika Kwenye Soketi Nyekundu

Watu huniambia hasira ni hasara. Wameniambia kanisani, wameniambia kazini, hata mama mmoja anayeniuzia viazi amewahi kuniambia akinipimia debe. Mimi huwajibu kwamba hasara ndiyo ilitangulia. Hasira ilikuja baadaye ikaikuta imeshakaa kitini.

Wakati huo nilikuwa fundi wa kompyuta katika kliniki moja ndogo huko Bahati. Nilikuwa na chumba changu, stoo isiyo na dirisha ambamo zamani mlowezi wa Kizungu alikuwa akihifadhi maua ya pareto, na humo ndimo ilimokaa seva, ile kompyuta kubwa iliyobeba rekodi za wagonjwa wote. Kwenye kuta za kliniki nzima kulikuwa na soketi za aina mbili. Zile nyeupe hufa stima ikipotea. Zile nyekundu zimeunganishwa na betri ya dharura, na ni za kompyuta peke yake. Nilikuwa nimebandika karatasi juu ya kila soketi nyekundu: KOMPYUTA TU. Nilikuwa nimelieleza jambo hilo mikutanoni mpaka wauguzi wakaanza kuniita Madam Soketi.

Wiki hiyo tulikuwa tukiwapima wanawake saratani ya mlango wa kizazi, bila malipo. Muuguzi alipiga picha kwa kamera ndogo, picha ikaenda moja kwa moja kwenye seva, na alasiri daktari wa mjini Nakuru angezisoma na kusema nani yuko salama na nani atibiwe haraka. Hakuna aliyeandika kitu daftarini. Msimamizi wetu alikuwa amepiga marufuku madaftari, eti sisi sasa ni wa dijitali.

Mama yangu alikuja siku hiyo. Nilikuwa nimembembeleza miaka mitatu. Dada yake mkubwa aliuawa na ugonjwa huo huo, na mama aliamini kwamba ni hospitali iliyouamsha kwa kuutafuta. "Ugonjwa ukitafutwa unapatikana," ndivyo alivyokuwa akinijibu, kisha anabadilisha mazungumzo tukaongea habari za ng'ombe. Sasa alikuwa amekaa kwenye benchi na kitambaa chake cha kichwani cha Jumapili, na kila mwanamke aliyefika, mama alimwambia, "Tangulia tu, mimi sina haraka." Akaingia wa mwisho. Alipotoka hakunitazama usoni.

"Nimefanya," akasema. "Na sirudi kwa hicho kitanda tena. Umesikia?"

Nikamwambia nimesikia. Nilirudi stoo nikiwa na furaha ambayo sijawahi kuwa nayo kazini.

Saa nne kasorobo stima ikapotea. Mvuke wa ardhini wa Olkaria uko pale chini tu, unafua umeme na kuwashia taa watu wa mbali, na sisi hapa juu mti mmoja ukiangukia waya tunakaa gizani. Jenereta ilikuwepo. Dizeli yake ilikuwa imenyonywa asubuhi ikatiwa kwenye gari la kliniki lililokwenda kuchukua wageni wa msimamizi.

Picha za asubuhi zilikuwa bado kwenye kumbukumbu ya muda, ile inayofutika umeme ukikatika. Seva ikaanza yenyewe kuzihamishia kwenye diski, moja baada ya nyingine, kwa kufuata foleni ya waliopimwa. Diski ilikuwa kuukuu na ya kujivuta. Nilikuwa nimeomba mpya mara mbili, na mara zote mbili nikaambiwa ningoje kidogo, kisha vikanunuliwa viti vya ofisi ya msimamizi. Hata hivyo sikuwa na wasiwasi. Betri ilionyesha dakika ishirini na tano, nami nilijua kuzifanya zitoshe.

Siri iko kwenye feni. Seva ile ilikuwa na feni sita za kuipoza, na zikizunguka zote kwa kasi zinamaliza betri upesi. Ukizizima, joto linapanda, na likifika digrii tisini mashine inajizima yenyewe isije ikaungua, na picha zinapotea vilevile. Kwa hiyo unakaa nayo kama mtu anayepika uji kwa kuni: unapunguza, unatazama, unaongeza kidogo. Nikaacha feni mbili tu, polepole. Digrii sabini na tano. Picha zikawa zinaingia.

Mara dakika za betri zikaanguka. Zilikuwa kumi na nane, nikapepesa macho zikawa saba. Betri haianguki hivyo bila mtu. Nikatoka mbio.

Ofisini mwa msimamizi wageni watatu walikuwa wamekalia vile viti vipya, na kwenye soketi nyekundu birika la umeme lilikuwa likinguruma. Karatasi yangu ilikuwa imebanduliwa ukutani ikawekwa chini ya sahani ya mandazi ili mafuta yasichafue meza.

"Boss, nani ameweka kettle kwa hiyo soketi?"

"Si ndiyo iko na stima?" akanijibu kwa upole, kama mtu anayemwelimisha mjinga.

"Hiyo ni stima ya kompyuta! Picha za wamama zinapotea!"

"Madam, tulia. Wageni wametoka mbali. Ni chai tu, two minutes."

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nikaing'oa ile waya ukutani kwa nguvu mpaka kikombe kikaanguka. Nyuma yangu nilimsikia akiwaomba wageni radhi kwa niaba yangu.

Stoo ilikuwa imegeuka tanuri. Nilikuwa nimeacha feni mbili bila mtu wa kuzitazama, na joto lilikuwa limefika themanini na nane. Betri ilibaki na dakika nne. Nikiwasha feni zote betri ingekatika. Nikiziacha hivyo, mashine ingejizima. Nikafungua ubavu wa seva, nikachukua kipande cha kartoni na kuanza kupepea kwa mkono, huku nikitukana matusi ambayo sikujua ninayajua.

Mama alikuwa amesikia kelele zangu. Akasimama mlangoni.

"Nini inaungua?"

"Mum, shika hii. Pepea hapa."

Akaweka mkoba chini, akapepea kama anavyowasha jiko la makaa, kwa kifundo cha mkono, haraka haraka, bila kuchoka. Nami nikazizima zile feni mbili zilizobaki ili betri ilishe diski peke yake. Joto likashuka. Themanini na tano. Themanini na mbili.

"Zimebaki ngapi?" akauliza.

"Kumi na moja."

"Na yangu?"

"Ni ya mwisho."

Akahamishia kartoni mkono wa pili akaendelea kupepea. Jasho lilikuwa limelowesha kitambaa chake. Zikabaki nane. Zikabaki tano. Zilipobaki tatu kioo cha seva kikazima.

Mama aliendelea kupepea kidogo, maana hakuwa ameelewa. Nilipomwambia, akaiweka kartoni mezani taratibu.

"Basi," akasema. "Mungu amekataa."

"Si Mungu, Mum! Ni kettle!" Nilipiga kelele kiasi kwamba wageni walitoka wakachungulia, kila mmoja na kikombe chake mkononi. Chai yao ilikuwa imeiva.

Mama akafunga kitambaa upya, akaokota mkoba, akaenda zake. Mimi nilipewa barua ya kujieleza kwa nini niliaibisha kliniki mbele ya wageni. Sikujieleza. Nilichukua koti langu siku ileile nikaacha kazi.

Wale wanawake wawili wengine ambao picha zao zilipotea waliitwa kesho yake, wakaja wakinung'unika, wakapimwa. Huu ni mwaka wa pili na mama hajarudi. Nimejaribu kumpeleka mjini ambako hajulikani. Nimempelekea muuguzi nyumbani, mama akamkaribisha vizuri, akampa chakula, akamsindikiza mpaka barabarani. Siku hizi namwona akishika kiuno anapoinuka kutoka kwenye kigoda, na nikimtazama anashusha mkono.

"Mum, twende," namwambia kila Jumapili.

"Mimi nilienda," ananijibu, "na wewe mwenyewe uliniona."