Kumsindikiza Mzee Ramnik hadi Ganges

Nilikwenda India kwa sababu Mama Kusum hakuwa na mtu mwingine wa kwenda naye. Mumewe, Mzee Ramnik, alifariki hapa Johannesburg, na alipokuwa mgonjwa kitandani aliomba majivu yake yote yapelekwe mto Ganges. Mtoto wao pekee, Kishor, anaishi Australia. Alitukatia tiketi, akasema kazi haimruhusu kuja. Wazee hao ni wazaliwa wa Tanga kama mimi, na nyuma ya duka lao la vitambaa mtaani Mayfair ndipo ninaposhonea nguo. Wenyewe kwa wenyewe walizungumza Kiswahili. Jirani yangu wa mtaani Bellevue, Mkongomani, aliniuliza Mwislamu anafuata nini kwenye mto wa Wahindu. Nilimjibu kwamba ninamfuata mama mtu mzima asiyeweza kubeba mizigo yake.

Siku ya kuondoka tulipitia hekaluni kuchukua mtungi mdogo wa shaba uliofungwa kitambaa chekundu, maana kwa mila yao majivu hayaingizwi nyumbani. Hayawekwi chini pia. Na kuna jambo jingine ambalo Mama Kusum alifundishwa na mama mkwe wake: marehemu huambiwa njia, asije akapotea. Pale langoni akauinamia mtungi na kusema, "Tunaondoka Johannesburg, mume wangu. Twende." Alisema hivyo tena tulipopanda ndege, tuliposhuka Delhi, na kwenye kila daraja la barabarani. Mwanzoni niliona haya mbele za watu. Baadaye mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nikimkumbusha akisahau daraja.

Agra tulifika asubuhi kwa gari la kukodi, dereva wetu Suresh akiwa pia mkalimani. Mtungi tuliuacha ukining'inia garini chini ya ulinzi wake, baada ya mzee kuarifiwa kwamba tunashuka kidogo. Taj Mahal ni nzuri, sitawadanganya. Picha mlizoziona haziitendei haki. Kwa mbali ni marumaru nyeupe tupu, lakini ukisogea unaona maua ya mawe ya rangi yaliyopachikwa ukutani kwa subira ya ajabu. Hata hivyo ni kaburi. Mfalme alimjengea mkewe, naye akaja kuzikwa humo humo, na sasa watu wanacheka na kujipiga picha juu ya wawili waliolala. Niliwasomea Fatiha. Mama Kusum alisimama ameushika ukuta kwa kiganja mpaka askari akatuambia tusogee.

Tuliporudi garini, Suresh alikwenda kunywa chai. Mama Kusum akatoa mkobani kikopo cha iliki, akafungua mtungi na kuchota majivu kidogo.

"Wewe una kaburi la mama yako Tanga," aliniambia. "Ukienda unakaa, unamwambia ya moyoni. Mimi nikimwaga yote, nitamsalimia wapi?"

Akanipa kikopo nikifiche kwenye begi langu. Nilijua mzee aliomba majivu yote yafike mtoni, na nilijua kwamba ninamsaidia mjane kumkatalia mumewe neno la mwisho. Nilikichukua hata hivyo, na njia nzima ya kwenda Haridwar, mji ulio kando ya Ganges, sikuweza kuliegemea begi lile.

Haridwar tulishuka mtoni alfajiri. Ganges pale si mto wa kutambaa. Maji yanakwenda mbio, ya baridi kali, na kwenye ngazi wamefunga minyororo ili wanaooga wasichukuliwe. Kuhani alisoma maneno yake, Mama Kusum akainamisha mtungi, majivu na maua vikaondoka kabla sijavifuata vizuri kwa macho. Kuhani akauliza kama ni yote. Suresh alipotafsiri, Mama Kusum aliitikia kwa kichwa. Mimi ndiye niliyelia.

Kutoka hapo tulipanda milimani hadi Mussoorie, ambako Kishor alitaka mama yake apumzike. Barabara ni kona juu ya kona, nyumba zimebanana kwenye mteremko, ukungu unaingia hadi madukani, na kando ya njia wanauza mahindi ya kuchoma kama ya kwetu. Gari liliposimama nikamsikia akisema taratibu, "Tumefika Mussoorie, mume wangu. Kuna baridi." Alikuwa analitazama begi langu.

Asubuhi yake ukungu ulifunguka, na milima ya theluji ikaonekana yote. Wageni wengine walikimbilia nje. Nilimkuta Mama Kusum amekaa kitandani, amevaa, macho mekundu kwa kutolala.

"Zaina, ninamchosha," alisema. "Mtu amefika mwisho wa safari yake, na mimi bado namwambia apande gari."

Suresh alinung'unika kuhusu foleni, kisha akatupitisha tena Haridwar. Safari hii hatukumwita kuhani. Nilimshika Mama Kusum kiunoni, akaingia hadi magotini, akafungua kikopo, akakisuuza na kukisuuza tena muda mrefu, hata nikahofia maji yatamwangusha. Hatimaye akanishika mkono, tukapanda ngazi.

Tukashika njia ya kurudi Delhi. Tulipofika kwenye daraja la kwanza nilifungua mdomo kumkumbusha, nikaufunga.

Nimezoea mazishi ya kwetu, mtu kuzikwa kabla jua halijazama na waliobaki kuambiwa wasubiri. Nilikuwa nikidhani kusubiri huko ni kukaa tu. Nimejifunza kwamba aliyebaki naye ana mwendo wake, na aliye pembeni kazi yake ni kumshika asianguke, si kumvuta.

Uwanja wa ndege wa Johannesburg, tukisubiri mizigo, Kishor alipiga simu. Yeye Kiswahili hukielewa tu, hakizungumzi, na kwa kawaida mama yake humsemesha Kiingereza. Siku hiyo alimjibu kwa Kiswahili.

"Baba yako amefika," alimwambia. "Mimi nimerudi."