Na Shemeji hadi Ruangwa

Mwaka mmoja baada ya kumzika dada yangu, kikundi cha kusaidia wagonjwa wa saratani kiliandaa mbio ndefu kutoka Nachingwea hadi Ruangwa. Michango ingewapatia wagonjwa wa kwetu nauli na mahali pa kulala wanapopelekwa Dar es Salaam kutibiwa. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Mara ya mwisho kukimbia ilikuwa siku nilipomfukuza mbuzi aliyeingia kwenye mihogo ya mama. Hata hivyo nilijiandikisha. Wenye maduka sokoni wakaahidi kunichangia kwa sharti moja: nifike kwa miguu yangu. Nikipanda chombo chochote njiani, hawatoi kitu.

Kila mkimbiaji alipangiwa bodaboda wa kumfuata na maji. Alfajiri tulipokusanyika uwanjani nikamwona wa kwangu. Alikuwa shemeji, mume wa marehemu.

Tulikuwa hatujasemeshana tangu msibani. Siku ya arobaini nilisimama mbele ya watu nikasema yeye ndiye aliyemuua dada yangu, kwa kumwambia asubiri korosho ziuzwe ndipo waende hospitali. Aliokota kofia yake mkekani akaondoka.

"Nani kakupanga na mimi?" nilimuuliza.

"Nimeomba mwenyewe, shemeji."

Filimbi ikalia, nikakimbia.

Sikumbuki sana vijiji vya mwanzo. Nakumbuka mlio wa pikipiki yake nyuma yangu, haukaribii wala haubaki mbali. Kila aliponinyooshea chupa niligeuza uso, nikanywa maji ya akina mama waliotoka na ndoo barabarani. Nilijua ni ujinga. Lakini kupokea kitu mkononi mwake niliona kama kumsaliti dada.

Jua lilipopanda, vijiji vikawa mbali na mbali na ndoo zikakosekana. Midomo ilinikauka. Kabla ya kufika kijiji cha Nandagala, msuli wa mguu ukakaza ghafla, nikaanguka kwenye changarawe pembeni mwa barabara, nikapiga kelele bila kutaka.

Shemeji alizima pikipiki akaja mbio. Akachuchumaa, lakini hakunigusa.

"Siwezi kukupakia. Nikikupakia, yote yamepotea. Niruhusu nikunyooshe mguu."

Nikatikisa kichwa kukubali. Aliushika unyayo akausukuma polepole. Hakuwa ananitazama.

"Uliyosema siku ile ni kweli," alisema. "Nilimwambia asubiri korosho. Nitakufa nalo. Lakini shemeji, aliniambia kwamba alianza kwako."

Nilisikia baridi katika lile jua.

Ni kweli alianza kwangu. Alinikuta jikoni, akaushika mkono wangu akauweka kwenye titi lake, penye kiuvimbe kigumu, kama punje ya njugumawe. Alikuwa ametoka kumwachisha mwanawe kunyonya. Nikamwambia hayo ni maziwa yameganda, ajikande kwa maji ya moto. Nikaendelea kusonga ugali. Hilo sikuwahi kumwambia mtu yeyote, na siku ya arobaini, nilipokuwa nikimnyooshea mwanamume huyu kidole, nililijua.

"Kwa nini hukusema mbele za watu?"

"Mama yenu alikuwa amekaa pale. Ameshazika mmoja. Nimwondolee na wa pili?"

Nililia kwa sauti, mtu mzima, vumbi usoni. Yeye aliendelea kuusukuma ule unyayo hadi msuli ukalegea. Kisha akafungua chupa. Nikanywa yote.

Sikuweza kukimbia tena. Nilichechemea, na yeye akaikokota pikipiki kando yangu bila kuiwasha, hata mlimani. Mara mbili mguu ulikaza, mara mbili tukasimama. Niliogopa kwamba nikifungua kinywa nitaanza kujitetea.

Tulipoingia Ruangwa, viti vilikuwa vinapangwa juu ya gari na wakimbiaji wengine wamekwisha kula. Mzee wa kikundi aliandika jina langu mwishoni kabisa mwa orodha, akapiga makofi peke yake. Wenye maduka walitoa walichoahidi, ingawa mmoja alinung'unika kwamba huko ni kutembea, si kukimbia.

Jumapili yake nilikwenda kwa mama nikamweleza habari ya jikoni, neno kwa neno. Alikuwa akipepeta mtama. Alimaliza ungo wote, akaingia ndani, akafunga mlango. Nilikaa barazani hadi jua likashuka, hakutoka. Nilirudi tena wiki iliyofuata, akanipita kama mgeni wa jirani.

Wiki ya tatu alituma ujumbe kupitia jirani: niende kula, na niende na shemeji. Nilimpigia shemeji simu. Akasema ngoja abadilishe shati.